Wati Kabla ya Shilingi: Kompyuta ya Gemu kwa Mtoto wa Nadapal

Miongozo mingi ya kuunda kompyuta ya gemu kwa bei nafuu huanza na kadi ya michoro, yaani kipande kinachochora picha zote zinazoonekana kwenye kiwambo, kisha hugawa fedha zinazosalia kwa vipande vingine, na hufanya hivyo kwa sababu imeandikiwa watu ambao umeme wao hutoka ukutani usiku na mchana, hauhesabiwi kwa saa, wala hauchotwi kutoka kwenye betri ambayo usiku huohuo inatakiwa pia kuchaji simu na kuwasha taa. Kwa mzazi wa Nadapal, katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, kandokando ya barabara kuu inayotoka Lodwar kwenda Kakuma, mpangilio huo unapotosha, kwa kuwa huko sehemu ghali zaidi ya kompyuta mara nyingi haimo ndani ya kasha lake, bali ni paneli ya sola juu ya paa, betri pembeni mwa chumba na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa volti 240. Kila wati inayoongezwa ndani ya kompyuta hulipiwa tena nje yake, na hulipiwa mara ya tatu kwa joto ambalo chumba cha Turkana hakina pa kulipeleka. Ndiyo maana bajeti ya kompyuta hiyo inapaswa kuanza kwa kuhesabu wati, na shilingi zifuate baadaye.

Hali hiyo haitokani na uhaba wa nguvu za umeme katika ukanda wenyewe. Kituo cha Turkwel, chenye uwezo wa megawati 106, kinazalisha umeme kwa maji ya mto uleule unaopita Lodwar, lakini kilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyaya zake zilielekezwa kusini kuingia kwenye gridi ya taifa. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019, husafirisha umeme wake zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Katika miaka hiyo yote mji wa Lodwar ulitegemea kituo cha dizeli kilichojitenga na gridi, na katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, wafanyabiashara wenye jenereta ndio waliovuta nyaya kutoka duka hadi duka na nyumba hadi nyumba na kuwauzia majirani, hadi mitambo midogo ya sola ilipoanza kujengwa, hasa katika makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016. Nje ya miji hiyo, umeme wa nyumbani ni ule ambao familia imeununua yenyewe kwa vipande: paneli moja, betri moja, na nyaya ambazo fundi wa karibu amezifunga.

Kwa hiyo mtoto wa eneo hili anaweza kuwa na umeme wa aina yoyote kati ya hizo, na kila aina ina tabia yake. Umeme wa jenereta ya jirani hupanda na kushuka kadiri mashine nyingine zinavyowashwa, na mara nyingi huzimwa kwa saa maalumu. Umeme wa sola ya nyumbani ni mtulivu zaidi, ila una kikomo ambacho hakijali mechi imefika dakika ya ngapi. Mzazi ajue kwanza ni umeme upi atakaoutumia, kwa kuwa jibu la swali hilo hubadilisha karibu kila kinachofuata.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa kufanywa pamoja na mtoto. Wati ni kipimo cha kasi ya kutumia umeme, na wati-saa ni kiasi kinachotumika kwa muda: kifaa cha wati 100 kikiwashwa kwa saa 2 kimekula wati-saa 200. Betri ya sola yenye volti 12 na uwezo wa ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi na asidi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo kinachotumika kwa usalama ni wati-saa 600, na baada ya inveta kuchukua hasara yake ya asilimia 15 hivi, kinachofika kwenye soketi ni wati-saa 510. Kompyuta ya gemu ya aina inayosifiwa katika miongozo ya Ulaya na Marekani, yenye kadi ya michoro ya wati 170, hufikia kwa urahisi wati 300 pamoja na kiwambo wakati mchezo umepamba moto, na betri hiyo ingeiendesha kwa muda usiofika saa 2, huku nyumba nzima ikiwa imezima kila kitu kingine. Kompyuta iliyopangwa vizuri itumie wati 80 na kiwambo chake wati 20 itaendeshwa na betri hiyohiyo kwa saa 5. Kompyuta ya mapajani inayotumia wati 45, ikichajiwa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa adapta ya volti 12 bila kupitia inveta, itapata zaidi ya saa 11.

Upande wa kujaza betri nao una hesabu yake. Paneli ya wati 200 ikipata saa 5 za jua kamili, kiasi ambacho anga la Turkana hutoa kwa siku nyingi za mwaka, ingetoa wati-saa 1,000, ila paneli hupimwa kiwandani zikiwa na nyuzijoto 25, na kila nyuzi inayoongezeka hupunguza uzalishaji kwa asilimia 0.4 hivi; juu ya bati la Nadapal saa saba mchana, uso wa paneli hufika nyuzi 60 na zaidi, vumbi hulala juu yake, na betri yenyewe hupoteza sehemu wakati wa kuchajiwa, hivi kwamba ni busara kutegemea wati-saa 700 tu. Betri ya risasi pia huumizwa na joto: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu, na ndiyo sababu betri haifai kuwekwa kwenye chumba cha bati kilichofungwa. Betri za lithiamu na fosfati ya chuma zinagharimu zaidi siku ya kununua, lakini huruhusu kutumiwa hadi asilimia 80 au 90 ya uwezo wake na hudumu kwa maelfu ya mizunguko ya kuchajiwa, na katika eneo hili fedha zinazoongezwa hapo huleta faida kubwa kuliko fedha zinazoongezwa kwenye kadi ya michoro.

Joto linastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo linaloua kompyuta nyingi kabla ya umri wake. Lodwar iko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, hupata mvua ya milimita 200 tu kwa mwaka, na joto la mchana hucheza kwenye nyuzi 35 hadi 37 karibu mwaka mzima. Feni ya kompyuta haitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kuhamisha joto la kipande na kulikabidhi kwa hewa ya chumbani, na kwa hiyo kipande hakiwezi kamwe kuwa baridi kuliko chumba. Kichakataji, ambacho ndicho kitovu kinachofanya hesabu zote za kompyuta, kikipanda nyuzi 50 juu ya hewa inayokizunguka, kitakuwa na nyuzi 72 katika chumba cha Limuru chenye nyuzi 22, na nyuzi 88 katika chumba cha Nadapal chenye nyuzi 38. Vichakataji vingi hujipunguzia kasi vikikaribia nyuzi 95 au 100 ili visiungue, na hapo mtoto huona mchezo ukikwamakwama ilhali kompyuta haina kasoro yoyote. Mzazi asiyejua chanzo hununua kadi ya michoro yenye nguvu zaidi, ambayo hutoa joto zaidi, na tatizo hukua.

Ushahidi wa uzito wa jambo hili uko karibu, kwenye ufuko wa Ziwa Turkana, ambako taasisi ya Learning Lions, inayowafunza vijana wa Turkana kazi za kidijitali, ilijengewa kampasi na msanifu Francis Kéré, aliyetunukiwa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Majengo hayo yana minara mirefu, yenye umbo lililoigwa kutoka kwenye vichuguu vya mchwa, inayovuta hewa ya moto kwenda juu huku matundu yaliyo chini yakiingiza hewa mpya, na sababu mojawapo ya mpango huo ilikuwa kuzilinda kompyuta zisipate joto kupita kiasi. Familia haiwezi kujenga mnara, lakini inaweza kufuata kanuni ileile: hewa iingilie chini na itokee juu. Chumba kilichoezekwa kwa makuti ya mkoma kinafaa kuliko cha bati tupu. Kompyuta iwekwe juu ya meza, mbali na sakafu ambako vumbi huanzia. Kasha lisisukumwe hadi ukutani. Na feni mbili za milimita 120 ziingize hewa kwa mbele zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa chepesi kama soksi ya nailoni, huku feni moja tu ikiitoa kwa nyuma. Kwa kuwa hewa inayoingia ni nyingi kuliko inayotolewa na feni, hewa iliyozidi hutafuta njia ya kutoka kupitia kila ufa, na vumbi la upepo wa Turkana halipati ufa wa kuingilia. Soksi hiyo ifuliwe kila wiki. Kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imetumika ifunguliwe kabla ya kitu kingine chochote, ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo kati ya kichakataji na kipoza chake ifutwe na kupakwa upya, kwa maana baada ya miaka kadhaa hukauka na kuacha kupitisha joto.

Ipo pia njia ya kupunguza joto isiyogharimu hata shilingi. Mchezo wa kompyuta huonekana kuwa na mwendo kwa sababu picha nyingi huchorwa kila sekunde, na mashine isipowekewa kikomo huchora picha nyingi kadiri inavyoweza, hata 140 au 200, ingawa kiwambo cha kawaida huonyesha 60 tu. Picha zilizozidi ni umeme uliochomwa bure. Kuweka kikomo cha picha 60, au hata 30 kwa michezo ya polepole, kunaweza kupunguza sana wati na joto bila mtoto kupoteza kitu anachokiona. Vivyo hivyo ukubwa wa picha: kiwambo cha nukta 1,366 kwa 768 kina nukta milioni 1.05, na kile cha 1,920 kwa 1,080 kina milioni 2.07, kwa hiyo kiwambo cha zamani kinachodharauliwa madukani kinapunguza kazi ya kuchora kwa karibu nusu. Katika mazingira haya kiwambo hicho kidogo ni chaguo bora kabisa, na hakuna sababu ya mzazi kukionea aibu.

Baada ya hesabu hizo ndipo swali la mashine gani linaweza kujibiwa, na majibu yanayostahili kufikiriwa ni matatu. La kwanza ni kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, aina ambayo imejaa katika maduka ya Moi Avenue na mitaa ya jirani jijini Nairobi, kama vile Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1, zote za kizazi cha mwaka 2013, ambazo ziliundwa kudumu, vipuri vyake vinajulikana na mafundi, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Kompyuta hiyo ikiongezewa kadi ya michoro inayojitosheleza kwa umeme wa nafasi inamochomekwa kwenye ubao mama (ubao unaounganisha vipande vyote), yaani usiozidi wati 75, inakuwa mashine ya gemu. Kadi za namna hiyo ni GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inayotumia wati 60, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 inayofika wati 75, na GT 1030 ya mwaka 2017 inayoridhika na wati 30. Kuhusu hii ya mwisho mnunuzi aangalie kumbukumbu yake ni ya aina ya GDDR5, kwa kuwa kuna toleo lenye jina lilelile na kumbukumbu ya DDR4 ambalo ni la polepole mno.

Njia hiyo ina mitego inayopaswa kusemwa wazi. Kompyuta nyingi za ofisi ni za kasha jembamba ambalo haliingizi kadi ya kimo cha kawaida, na mnunuzi akifika Lodwar na kadi isiyoingia, duka la kuibadilisha liko mamia ya kilomita nyuma. Kigavi cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, mara nyingi ni cha wati 240 hadi 290 tu, na katika mashine za HP za kizazi hicho plagi zake si za kawaida, kwa hiyo hakibadilishwi kwa kingine chochote cha dukani. Aidha, zimewahi kuuzwa duniani kadi za kale zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z hufichua kadi nyingi za namna hiyo, na inafaa kuendeshwa dukani kabla ya fedha kutoka mkononi.

Jibu la pili, ambalo kwa maoni ya safu hii ndilo bora pale fedha zinaporuhusu na umeme wa kutosha upo, ni kuunda mashine mpya yenye kichakataji kilichobeba uwezo wa michoro ndani yake, bila kadi ya pembeni hata moja. Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, ina viini 6, imepimwa kwa wati 65, na kupitia mipangilio ya ubao mama inaweza kufungwa isizidi wati 45, hatua ambayo hupunguza kasi kidogo lakini hupunguza joto sana, kwa sababu umeme unaotumiwa na kichakataji hupanda haraka kuliko mwendo unaopatikana. Ndugu zake wadogo, Ryzen 3 2200G na 3200G, hupatikana zikiwa zimetumika na bado zinafaa. Sharti moja tu lisivunjwe: kumbukumbu ya muda, ile ambayo wauzaji huiita ramu, inunuliwe vipande viwili vinavyolingana, kwa mfano viwili vya gigabaiti 8, kamwe isiwe kipande kimoja cha 16, kwa kuwa michoro ya ndani haina kumbukumbu yake yenyewe bali hutumia hiyohiyo, na vipande viwili huipa njia mbili za kusafirisha data badala ya moja. Tofauti inayoonekana kwenye mchezo ni kubwa, na haigharimu chochote isipokuwa kujua.

Jibu la tatu ni kompyuta ya mapajani iliyotumika, na kwa nyumba inayotegemea sola peke yake ndilo jibu la kweli, ingawa mashabiki wa gemu hulidharau. Ina betri yake, kwa hiyo jenereta ya jirani ikizimwa ghafla hakuna kinachopotea. Kiwambo na kibodi havinunuliwi kando. Na haihitaji inveta. Kwamba gemu za kweli zinaweza kuchezwa kwa umeme kidogo kumethibitishwa na Steam Deck ya mwaka 2022, kifaa cha mkononi ambacho kichakataji chake hakizidi wati 15 na ambacho huendesha michezo mingi mikubwa. Ubaya wa kompyuta ya mapajani ni kwamba joto lake limebanwa mahali padogo na vipande vyake vingi havibadilishwi, kwa hiyo mtoto hujifunza machache kuhusu kilichomo ndani.

Ikichaguliwa njia yoyote, diski iwe ya chipu, si ile ya sahani inayozunguka, kwa sababu mtikisiko wa barabara huiua haraka hiyo ya pili. Kigavi cha umeme kisiwe kile chenye swichi ya kuchagua volti 115 au 230, bali kile kinachokubali chochote kati ya 100 na 240, kwa kuwa hicho huvumilia umeme wa jenereta unaoyumba. Na inveta inayokiendesha iwe ya mawimbi safi, yaani inayotoa umeme wenye umbo sawa na wa gridi, maana inveta za bei ya chini hutoa mawimbi ya ngazi ambayo baadhi ya vigavi vizuri hukataa kufanya kazi nayo. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na hapa ndipo pasipofaa kubanwa.

Programu endeshi nayo ina historia inayowagusa wanunuzi wa sasa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti rasmi haikubali karibu vichakataji vyote vya Intel vilivyo chini ya kizazi cha 8, kwa hiyo ofisi za ng'ambo zina sababu ya kuziondoa mashine ambazo bado ni nzima, nazo huishia kwenye masoko ya mitumba. Kwa mtoto wa Nadapal mashine hizo ni nafasi, mradi ziwekewe Linux, mfumo huria usiolipiwa, ambao tangu kampuni ya Valve ilipotoa Proton mwaka 2018, programu inayowezesha gemu za Windows kuendeshwa ndani ya Linux, huchezesha sehemu kubwa ya michezo iliyopo. Zinazokataa ni hasa zile za mashindano ya mtandaoni kama Fortnite, ambazo hata hivyo hazifai mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa bando. Huduma ya Starlink iliingia Kenya mwaka 2023, lakini sahani yake ya kawaida hula makumi ya wati muda wote ikiwa imewashwa, kiasi kinachokaribia cha kompyuta yenyewe, na mzazi anayeihesabu betri yake ataona mara moja gharama hiyo.

Kwa hiyo michezo ichaguliwe na kupakuliwa mjini kabla ya safari. Luanti, iliyojulikana kwa jina la Minetest hadi mwaka 2024, humpa mtoto ulimwengu wa matofali wa kujenga unaofanana na wa Minecraft, ni ya bure, na huendeshwa na kompyuta dhaifu kabisa. SuperTuxKart ni ya mbio za magari, na 0 A.D. ni ya kujenga falme za kale. PES 2017 bado inatosha kwa kandanda la watu wawili kwenye kiwambo kimoja. Alama za umri zinazochapishwa kwenye michezo ziheshimiwe, kwa maana Grand Theft Auto, ambayo watoto huikuta kila mahali, imepewa alama ya miaka 18.

Atakayeuliza kama gharama hii yote inastahili kwa ajili ya mchezo, wakati ada na chakula vinasubiri, ana haki ya kuuliza, na jibu linapatikana katika maisha ya Lual Mayen, aliyezaliwa wakati wazazi wake wakivikimbia vita katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini na kukulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha kuandikisha wakimbizi mwaka 2007, akamwambia mama yake kwamba anaitaka, na mama huyo akaweka akiba kwa miaka mitatu hadi akafikisha dola 300 za kununua kompyuta ya mapajani. Umeme wa kuichaji ulikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Ndani ya kompyuta hiyo alicheza Grand Theft Auto: Vice City, akajiuliza kwa nini mchezo lazima uwe wa kuua, akajifunza mwenyewe kuandika programu, na mwaka 2016 akatengeneza Salaam, mchezo ambao mchezaji wake ni mkimbizi anayekimbia vita huku akitafuta maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 aliheshimiwa katika The Game Awards, na kampuni yake, Junub Games, aliianzishia Marekani. Kinachopaswa kuangaliwa katika habari hiyo ni mpangilio wake: mchezo ulitangulia, udadisi ukafuata, ujuzi ukaja mwisho, na kompyuta iliyobeba yote hayo ilikuwa ya wati chache. Watoto wa Kakuma na wa Turkana wanaoizunguka kambi hiyo hawana udadisi pungufu ya wake, na kuwanyima mchezo kwa madai ya kuwahifadhia masomo ni kuwafungia mlango ambao waundaji wengi wa programu duniani waliupitia.

Kwa sababu hiyo kompyuta isiwe ya kuchezea tu. Scratch, iliyotoka katika chuo cha MIT mwaka 2007, humwezesha mtoto wa miaka 8 kutunga mchezo kwa kupanga vipande vya amri kama matofali, na ina toleo linalosakinishwa na kufanya kazi bila intaneti. Godot, programu huria ya kuundia michezo, inamfaa aliyefika miaka 12 au 13, na faili yake ni ndogo kiasi cha kupakuliwa kwa bando la kawaida. Mafunzo ya kuandika programu yaliidhinishwa kwa shule za Kenya mwaka 2022, lakini shule isiyo na umeme haiwezi kuyatekeleza, na hapo mashine ya nyumbani inafanya kazi ambayo ilipaswa kuwa ya dola.

Kuhusu usafiri, basi la kutoka Nairobi kupitia Kitale hutikisika vya kutosha kung'oa kadi nzito au kipoza kikubwa kutoka kwenye ubao mama, kwa hiyo vipande hivyo vitolewe, vifungwe kwa magazeti, na kasha lilazwe chini upande ambao ubao mama unaangalia juu. Kuunganisha upya kufanyike nyumbani, mtoto akiwa ndiye anayeshika bisibisi na mtu mzima akisoma maelekezo, kwa kuwa anayekifunga kipande kwa mkono wake atajua baadaye kukifungua na kukisafisha, na huduma ya fundi Lodwar haiko mlangoni.

Mwisho wa bajeti ni suala la kesho. Mradi wa barabara ya Lokichar hadi mpaka wa Sudan Kusini, ambao fedha zake zilitoka Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2015, ulipangwa kubeba pia kebo ya nyuzi za kioo, na gridi ya taifa nayo ina mipango ya kufika kaskazini. Anayeunda mashine ya njia ya pili leo anunue ubao mama wenye nafasi kamili ya kadi ya michoro na kigavi cha wati 450 hata kama kompyuta inatumia 80, kwa sababu kigavi hula takriban kile tu kinachoombwa, na umeme wa uhakika ukifika, kadi itachomekwa kwenye nafasi hiyo bila kununua kitu kingine chochote.